Jibu: Mtoto anamimina maji tu, herufi hajaanza

Habari dada. Umesema mwanao wa miaka 4 yuko shule ya Montessori hapo Ujiji, ile ambayo watoto hujifunza kwa kushika vifaa na kufanya kazi za mikono, kutwa anamimina maji jagi hadi jagi, na wa jirani tayari anaandika jina lake, sasa unafikiria kumhamisha.

Kabla ya kumhamisha, omba ukae darasani asubuhi moja, kimya. Je, anamimina kwa utulivu, anafuta yaliyomwagika, anarudisha vifaa mahali pake? Basi mwache. Maria Montessori, aliyefungua shule yake ya kwanza Roma mwaka 1907, aliona watoto wakirudia kazi ileile hadi waridhike wenyewe. Wangu alimimina mpaka nikachoka mimi, kisha akahamia herufi za msasa, zilizokatwa kwa karatasi yenye kukwaruza, anazipapasa kwa vidole kabla hata ya penseli. Kwa kumimina kule, kiganja kilishakaza.

Ila kama anazurura tu na kuchezea maji, muulize mwalimu lini alimwonyesha kifaa kipya. Uliza pia kama wa miaka 3 hadi 6 wanakaa chumba kimoja, maana wadogo huiga wakubwa. Wakitenganishwa, hilo linapotea.

Nyumbani mpe dagaa achambue. Na usimsaidie haraka, hata ukiwa na haraka ya kupika.