Nimwambie achague, mto au mimi?

"Shikamoo Anti. Mi binti wa Moshi, baba yangu alikua anapandisha wageni Kilimanjaro. Nimeolewa na Mmarekani, tunaishi Flagstaff, Arizona, kazi yake kuongoza watalii kwa boti za makasia mto Colorado, ndani ya korongo la Grand Canyon. Aprili mpaka Oktoba ndo hivyo tena, akienda ni wiki mbili na zaidi na simu haishiki, akirudi haongei na kitandani halali, anatandika uani. Winta hana kazi, kanuna kutwa. Afu huko wanalala mchangani na wageni wanawake. Sasa nina mimba, najifungua katikati ya Agosti, na yeye kashachukua tripu za Agosti yote. Mashosti zangu wa Phoenix wanasema nimwambie achague, mto au mimi."

Marahaba mwanangu, na hongera kwa ujauzito. Umeniletea mambo manne na mashosti wamekupa jibu moja la yote, mi silitaki hilo jibu. Ukimwambia achague atakuchagua wewe, sawa, afu Aprili ijayo magari yanapakia boti kwenda Lees Ferry, pale safari za mto zinapoanzia, na yeye yuko sebuleni kwako anaangalia ukuta, utafurahi? Mama yako na mlima wa baba yako ilikuaje? Nadhani alikua anauliza unarudi lini na umeacha shilingi ngapi, basi.

Tuanze na wanawake maana najua ndo panapokuwasha. Wageni wanalala mchangani, kweli, ila waongozaji wengi wanalala juu ya boti zao, kwa sababu maji ya Colorado yanapanda na kushuka hata usiku kutegemea bwawa la Glen Canyon huko juu linaachia maji kiasi gani kwa ajili ya umeme, ukizubaa asubuhi unakuta boti limekaa juu ya mawe. Saa kumi na moja alfajiri kashaamka anachemsha kahawa, apike, aoshe vyombo, apakie mizigo, apige makasia kutwa nzima na jua lile, jioni apike tena, na choo cha kambi ni sanduku la chuma wanalibeba na kila kilichomo mpaka mwisho wa safari maana hairuhusiwi kuacha kitu kule chini. Muangalie vidole siku akirudi, maji na mchanga vinapasua ngozi mpaka wengine wanaziba nyufa na supaglu, yani supaglu hii hii ya viatu. Mtu wa hivyo saa tatu usiku kashazima. Sikuapii kwamba hawezi kukusaliti, anaweza, kama anavyoweza muuza duka wa Kariakoo anaerudi nyumbani kila siku. Kama una ushahidi niandikie upya, kama huna basi liache.

Kulala uani nako usikuchukulie kama tusi. Kakaa wiki mbili chini ya nyota, kelele za maji masikioni, na muda wote huo anawachekea wageni hata kama hajisikii, kwahiyo akifika home maneno yameisha. Mpe siku mbili tatu, na kama tumbo linaruhusu toa godoro na wewe ukalale hapo hapo.

Ila Agosti hapana. Hapo niko upande wako moja kwa moja na umuoneshe hii barua. Kutoka Lees Ferry mpaka Phantom Ranch, kambi ya wageni chini kabisa ya korongo, ni kama kilomita 140, kwa makasia ni siku kadhaa, na hapo ndo pana njia ya maana ya kutoka kwa miguu, kilomita 15 za kupanda, zaidi ya mita 1,300 kwenda juu, kwenye joto linalopita digrii 40. Akishapita hapo njia za kutoka ni chache na mbaya, inabaki helikopta, na helikopta ni ya dharura, haiji kwa sababu mke wa mtu kashikwa uchungu Flagstaff. Tena Agosti ni msimu wa mvua za radi kule, mafuriko ya ghafla yanashuka kwenye makorongo ya pembeni. Simu ya setelaiti wanabeba, ila kuta za korongo zinaziba anga, unaweza kutuma ujumbe ofisini kwao leo akaupata kesho.

Kwahiyo hapo hakuna mjadala, kuanzia katikati ya Julai asiingie mtoni mpaka mtoto awe mikononi. Akabadilishane zamu na wenzake, wampe za Septemba na Oktoba, ila aombe sasa hivi, sizoni ikishaanza kila mtu ana tripu zake. Hela itapungua, kaeni na karatasi mpige hesabu ya miezi hiyo miwili pamoja na tipu anazozikosa, usimuachie abebe hiyo hesabu kichwani peke yake.

Kinachonitia wasiwasi zaidi mi ni winta, na wewe umeipa mstari mmoja tu! Mtu ambae miezi saba ni nahodha, anasikilizwa, afu Novemba anakua mtu wa kukaa ndani na theluji nje, hiyo kununa inaweza kuwa sio kununa. Hapo hapo Flagstaff kuna Whale Foundation, ilianzishwa baada ya waongozaji wa mto huo huo kumpoteza mwenzao aliejiua miaka ya 90, na inasaidia waongozaji na familia zao kupata ushauri wa kisaikolojia. Atakwambia yuko fresh. Piga wewe kwanza, we ni familia. Na akisema hata kwa utani kwamba bora asingekuwepo, usisubiri akae sawa, tafuta msaada siku hiyo hiyo.

Halafu hao mashosti, Phoenix kwenda kwako ni zaidi ya masaa mawili kwa gari, uchungu ukianza usiku hawatakufaa. Tafuta mke wa muongozaji mwenzake aliyepo mjini, aliewahi kuzaa, mpe namba ya hospitali yako na ufunguo wa nyumba mwezi wa saba haujaisha.