Mzani umegoma, gauni linapwaya

Dada, nimekuelewa. Umeacha ugali na wali, wiki ya kwanza ukapungua kilo 3, halafu mzani ukagoma mwezi mzima ingawa gauni linapwaya. Usikate tamaa, huenda mafuta yanapungua sasa hivi.

Kilo zile za mwanzo nyingi zilikuwa maji. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, inaitwa glikojeni, na kila gramu yake hushika takriban gramu 3 za maji. Ukiacha wanga, akiba inaisha na maji yanatoka. Ndiyo maana ukila wali wa harusi Jumamosi, Jumapili mzani unapanda. Hayo si mafuta.

Chukua futi ya fundi cherehani, pima kiuno usawa wa kitovu kila baada ya wiki 2, asubuhi kabla ya kula. Namba ikishuka, uko sawa.

Ninachohofia ni misuli. Ukishindia mlenda mtupu, nayo itapungua. Kula mayai, kuku au samaki kila siku, na ufanye mazoezi ya kuchuchumaa au kubeba vitu vizito. Karanga za kuungia mlenda zina mafuta mengi, pima kwa kijiko. Na zabibu zetu za Dodoma, jamani, zina sukari nyingi, chache zinatosha.

Ila kama unatumia insulini, vidonge vya kisukari au vya presha, muone daktari kabla hujaendelea, maana sukari au presha inaweza kushuka vibaya. Mjamzito au unanyonyesha? Muone pia.