Wanangu, Kilio Hiki Mmekiazima kwa Nani?

Wiki mbili zilizopita tulikuwa lokesheni Mbagala, tunasubiri jenereta iletewe mafuta. Chumba cha kupambwa kimejaa vijana. Binti mmoja, ambaye mimi namtabiria makubwa, amepewa uhusika wa muuza vitumbua mwenye kigugumizi. Akatoa simu. Alikuwa amemrekodi mama mmoja wa kituo cha daladala, mama wa kweli, anahangaika na neno "mia tano". Binti akamwigiza, wenzake wakajishika mbavu. Akarudia, safari hii na shingo pia. Alikuwa anapatia. Ndiyo maana nilisimama.

Sikumkaripia mbele za watu. Nilimwambia azime simu, tutaongea. Tangu siku hiyo naandika haya usiku, kwa ajili yake na kwa ajili yenu wote mnaoniita mama tukiwa seti, maana nimechoka kumweleza mmoja mmoja pembeni ya gari la vifaa. Mimi ni mwigizaji, na sijawahi kuwa stelingi, yaani mhusika mkuu. Tangu 1995 nimekuwa mama mkwe, nesi, kungwi, mganga, shangazi aliyetoka Tanga, jirani anayechungulia dirishani. Ndiyo kazi niipendayo, na makosa yake nayajua kwa majina.

1. Someni skripti yote. "Mama, mimi nimesoma sini zangu." Hizo sini zako nne zimening'inia wapi? Kama sini ya tisa, ambayo wewe humo, watu wanasema mama mwenye nyumba ana ulevi wa siri, halafu wewe mama mwenye nyumba unaingia sini ya kumi na moja umetulia kama mwanakwaya, umeharibu kazi ya wenzako wote.

Nimelelewa kwenye vikundi vya utamaduni hapa Dar. Enzi zile vikundi vikubwa vya Muungano na TOT vikijaza kumbi za baa, na sisi wa vikundi vidogo tukiwafuata kwa mbali, onyesho moja lilikuwa na ngoma, sarakasi, mazingaombwe, kichekesho, na humohumo igizo refu. Igizo halikuwa na karatasi. Kiongozi anasimulia kisa mchana, anagawa uhusika, usiku mko jukwaani mnatunga maneno papo hapo mbele ya watu wenye chupa mezani. Usipokijua kisa chote, mwenzako akipindisha neno unabaki umesimama kama mlingoti. Tulijua habari za kila mtu aliyepanda jukwaani, hata yule anayeleta barua na kuondoka. Ninyi karatasi mnatumiwa hadi kwenye WhatsApp, mmelala nayo mkononi, na bado hamjui mwanao anaoa nani mwisho wa hadithi!

2. Uhusika kwanza. Mama ntilie mwenye kucha za kubandika ndefu kama vijiko vya chai, ugali anausongaje? Mgonjwa wa wodini ana kope za bandia. Nawaelewa, wanangu, picha zinapigwa na wafuasi wanangoja. Lakini sisi wa nafasi ndogondogo tunaitwa kazini kwa sababu mtazamaji anaamini kwamba sisi ni watu anaowajua. Nilikuwa na miaka 27 nilipoigiza mama wa kijana aliyenizidi miaka miwili. Mpambaji alitaka kunichora makunyanzi, nikamwomba aache. Nilibadilisha namna ya kuinuka kwenye kigoda tu: mkono gotini kwanza, pumzi, ndipo mwili. Hakuna aliyeuliza umri wangu.

Kazi usiyoijua, nenda kamuulize anayeifanya. Mama mmoja wa chakula karibu na Stesheni alinifundisha kwamba mpishi wa kuni hapungi moshi kwa mkono. Anageuza uso tu, kwa sababu mikono ina kazi. Jambo dogo hilo nimelitumia miaka mingi. Angalieni lakini: nilimuuliza. Alijua namtazama, alijua kwa nini, na tulicheka pamoja nilipokuwa najaribu mwiko wake.

3. Hili la tatu nimelikwepa muda mrefu.

Mwaka 2006 nilikuwa nimepanga Magomeni, nyumba ya Kiswahili yenye vyumba sita na ukumbi katikati, uani choo na kamba za nguo. Chumba cha kutazamana na changu alikaa mama mmoja na mwanawe wa miaka kumi na tisa. Tulikuwa tunaazimana chumvi, mkaa, hata ufagio. Yule kijana ndiye aliyenibebea ndoo maji yakikatika. Aliugua siku nne, akafariki hospitalini.

Nyumba ilijaa. Wanawake tulikaa ukumbini kwenye mikeka, wengi wanalia kwa sauti. Yeye hakulia. Aliinuka akaenda uani, akaianua kambani fulana ya mwanawe, ya bluu, akaikunja. Akaikunjua. Akaikunja tena, akapapasa mshono wa bega kwa kidole gumba, akasema, hamwambii mtu yeyote, "Haijakauka."

Nilikuwa nimesimama mlango wa uani na sinia la vikombe. Machozi yalinitoka, ya kweli kabisa. Na huku yananitoka, kuna upande wangu mmoja ulikuwa unahesabu: ameikunja mara ngapi, kidole gani kimegusa mshono, sauti imeshukia wapi. Mwigizaji yeyote anayesoma hapa anaujua upande huo. Haulali hata msibani.

Miezi minane baadaye nikapata filamu, zile za enzi ya DVD, sehemu ya kwanza na ya pili. Mama anafiwa na mwanawe. Muongozaji alitaka nijitupe chini nigaegae, kama tulivyozoea wakati ule. Nikamwambia, nipeni fulana. Nikafanya yote. Kukunja, kukunjua, kidole gumba kwenye mshono, na lile neno. Sikubadilisha kitu hata kimoja. Ilikuwa teki moja. Muongozaji aliposema kata, hakuna aliyenyanyua mdomo. Mtu wa sauti alivua hedifoni akatoka nje. Wenzangu walinikumbatia. Nilirudi Magomeni usiku nina furaha ya mtu aliyefanya kazi vizuri, nikapita mbele ya mlango wake, nikamsalimu, akaniitikia.

Sehemu ya pili ilipotoka tulikusanyika chumba cha mpangaji mwenye deki, nyumba nzima, kumtazama wa kwao. Yeye alikaa mbele, mkekani, amewanunulia watoto karanga. Hapa ndipo wengi hawaniamini nikiwaeleza, lakini ndivyo ilivyokuwa: sikuwa nimewaza kabisa. Mimi mwenyewe ndiye niliyemwita aje aangalie. Nilikumbuka pale tu fulana ilipoonekana kwenye kioo. Nikabaki natazama kisogo chake. Hakutikisika. Mtoto mmoja akasema kwa sauti, "Kama mama siku ile." Mama yake marehemu akainuka. Akatafuta kandambili zake gizani kwa mguu, muda mrefu, katikati ya viatu vya watu, hakuzipata, akatoka peku.

Asubuhi nilimfuata na bibi mwenye nyumba, maana jambo kama hilo huendi peke yako. Alitukaribisha, akatupa chai. Akasema, "Siku ile nilidhani umekuja kunizikia mwanangu. Kumbe ulikuwa kazini." Nikalia. Akaniambia amenisamehe, na naamini alinisamehe kweli. Kisha akaongeza neno ambalo sijawahi kulitoa mbele za watu hadi leo: "Lakini ile fulana siikunji tena. Kila nikiishika nakuona wewe."

Alikuwa na kitu kimoja cha mwanawe kilichobaki chake peke yake, nami nikakipeleka Kariakoo kikauzwa madukani. Alihama mwaka uliofuata kwenda kwa ndugu zake. Mpaka leo wapo wanaonisimamisha barabarani kunisifia kwa sini ile. Nawashukuru, naondoka haraka.

Sisemi msitazame watu. Bila kutazama watu kazi yetu haipo. Chukueni mwendo kwa mmoja, sauti kwa mwingine, mkono kwa wa tatu, mvipitishe kwenye miili yenu mpaka mwenyewe akija kuangalia asijikute. Mwenye kazi yake ya mikono muulizeni, atafurahi kuwafundisha. Lakini cha msibani, cha wodini, cha mtu aliyedhani yuko peke yake, kiacheni palepale. Na wewe binti yangu, yule mama wa kituoni anazijua bei zake, anawajua wateja wake, anajua nani anadaiwa tangu Jumanne. Mwigize huyo. Kigugumizi kitakuja chenyewe pale anapotaka kusema jambo linalomuuma.

4. Jukwaa na kamera havitaki mwili mmoja. Ukumbini nilitakiwa nifike meza ya mwisho, bila maiki, watu wanaagiza nyama. Nilipoingia kwenye kamera nilifikisha sauti kwa watu wa meza ya mwisho ambao hawakuwepo, na mtu wa sauti akawa ananisogelea kila mara kunisihi kwa upole. Mkitoka chuo cha sanaa cha Bagamoyo, TaSUBa, mkiwa na sauti zenu nzuri za jukwaani, jipeni muda wa kujifunza kunong'ona. Tafuteni filamu ya Maangamizi ya 2001 mumtazame Profesa Amandina Lihamba, aliyefundisha sanaa za maonyesho Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na mwandishi wa tamthilia, akiigiza mwanamke aliyenyamaza miaka mingi. Hana maneno ya kujificha nyuma yake. Halafu mje mniambie kwamba nafasi yenye mistari mitatu ni ndogo! Hata katika Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, mchezo wa 1969 ambao wengi wenu mmekutana nao shuleni, mimi nilimlilia zaidi mke wa Kitunda, mama ambaye binti yake anatakiwa na wakubwa naye hana la kufanya, kuliko shujaa mwenyewe.

5. Kwenye sini ya kula, kuleni tonge dogo, tafuneni polepole, na mkumbuke mkono gani ulishika bakuli. Mtarudia mara saba, na anayeanza kwa kubugia wali wa teki ya kwanza hufika ya tano hawezi kutamka jina la mume wake.

6. Khanga ina jina, na jina linasomeka. Nilipoigiza mama mkwe anayempokea mke wa mwanawe, mtu wa maleba, yaani mavazi, aliniletea doti yenye maua mazuri, haina maana yoyote kwa sini ile. Nikaenda nyumbani nikaleta yangu: "Hasidi hana sababu." Nikamkumbatia bibi harusi, kamera ikiwa nyuma yangu, maneno yamekaa sawasawa kiunoni. Sikuwa nimefungua mdomo na wanawake wote nchini wameshajua yule binti ameingia nyumba gani. Jifunzeni kufunga khanga ili jina lisiingie kwenye mkunjo, na mkumbuke mlivyolifunga kwa ajili ya sini inayofuata, ambayo huenda ikachukuliwa wiki ijayo.

7. Mkataba usomwe kabla ya kusaini, na kama hauuelewi umpelekee anayeuelewa. Sheria ya hakimiliki ya 1999 inamtambua hata mwigizaji.

8. Mtapoteza majina yenu, na hiyo ni heshima. Kenya, Mary Khavere wa Vitimbi, kichekesho cha televisheni ya KBC, watu wamemwita Mama Kayai miaka na miaka, mke wa Ojwang, kana kwamba walifungishwa ndoa na KBC yenyewe. Mimi nimekataliwa samaki soko la Feri. Mwanamume mzima, kisu mkononi, ananiambia hauzi mpaka nimrudishe yule mke wa mwanangu niliyemfukuza na mimba. Nilimwahidi atarudi. Akanipimia samaki wangu, akaniongezea kichwa kimoja cha bure, "cha mjukuu". Msiwajibu vibaya watu hawa. Wao ndio wanaotulisha, na hasira yao ni risiti ya kazi iliyofika.

Lakini tofautisheni. Muuza samaki alimkasirikia mama mkwe ambaye hayupo duniani. Jirani yangu wa Magomeni alijiona mwenyewe.

Binti wa vitumbua alikuja kwangu jana baada ya kufungasha vifaa. Rekodi ameifuta, alinionyesha simu bila mimi kuomba. Akaniuliza, sasa nifanyeje, sini yangu ni Jumatatu. Nikamwuliza kama amewahi kula vitumbua vya yule mama. Hajawahi. Nikamwambia Jumamosi twende alfajiri, saa kumi na moja, kabla kituo hakijajaa, tununue, tukae kwenye benchi lake, na yeye mwenyewe amweleze ni mwigizaji na anatafuta nini. Aliogopa. "Mama, akikataa je?"

Akikataa tutakula vitumbua, tutamlipa, tutaondoka, na Jumatatu atamtafuta muuza vitumbua mwingine ndani ya kichwa chake mwenyewe. Nimemwambia asichelewe, na asije na zile kucha.