Jiko la induksheni linalia na kujizima ukiweka sufuria

Dada, umeuliza kwa nini jiko lako jipya, ulilolichomeka kwenye ekstensheni, linalia na kujizima: usilirudishe dukani, ni zima. Kulia "pii pii" kisha kujizima maana yake halijaiona sufuria. Induksheni hupasha vyombo vinavyoshika sumaku, na hizi sufuria zetu za alumini hazishiki. Chukua sumaku, hata ile ya kubandika kwenye friji, iguse kwenye kitako: ikinasa vizuri, sufuria inafaa. Za stili nyingine zinashika, nyingine wapi, kwa hiyo nenda na sumaku yako dukani. Kitako kiwe bapa pia, karai la mviringo halitakusaidia.

Mimi kinachonitia wasiwasi zaidi ni hiyo ekstensheni uliyosema. Jiko la wati 2,000 linavuta karibu ampea 9. Waya mwembamba utapata moto, hasa ukichomeka na birika hapo hapo. Tumia soketi ya ukutani, peke yake. Ukimaliza kuchemsha maharage gusa plagi; ikiwa ya moto sana au imeanza kuwa kahawia, acha kulitumia na uite fundi.

Kuhusu LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla: wati 2,000 kwa nusu saa ni uniti 1. Anza na moto mkubwa, ikichemka shusha na ufunike. Maharage yaloweke tangu usiku.

Ugali unasongeka vizuri tu, ila usiukandamize kwa nguvu zote, juu ya jiko ni kioo. Kikipata ufa, zima na uchomoe. Na ukishapika, usichomoe mpaka feni ya ndani ya jiko inyamaze.