Ukifuata mzigo Bangkok, tenga siku moja ya Muang Boran

Wafanyabiashara wengi tunaokwenda Bangkok tunafuata nguo Pratunam. Tunalala karibu na soko, tunafungasha, tunapeleka mzigo kwa mtu wa kago, kisha tunarudi nyumbani hatujaona Thailand yenyewe. Ushauri wangu: tenga siku moja, siku nzima, uende Muang Boran katika mkoa wa Samut Prakan, kusini mwa jiji. Ni makumbusho ya wazi kama Kijiji cha Makumbusho pale Dar es Salaam, ila eneo lake limechorwa kwa umbo la ramani ya Thailand, na majengo zaidi ya 100 yamepangwa kwa kufuata mikoa yanakotoka.

Yalifunguliwa mwaka 1972. Mwanzilishi wake, tajiri aitwaye Lek Viriyaphant, alianza na wazo la kiwanja kidogo cha gofu chenye vijumba vya mfano. Alipoona hali ya magofu na mahekalu ya kale nchini mwake, akabadili nia na kujenga hiki tunachokiona leo.

Kuna jambo moja ambalo mgeni akilijua, siku yake inakuwa na faida mara mbili. Majengo ya mle ndani ni ya namna tatu: yako yaliyong'olewa kwao na kuhamishiwa hapo, yako yaliyojengwa upya kwa kuiga ya zamani, na yako yaliyobuniwa tu kutokana na imani na hadithi. Kwa macho hutayatofautisha. Soma kibao kwanza, kamera baadaye.

Yaliyohamishwa ndiyo ninayoyapenda zaidi. Liko hekalu la mbao kutoka Lampang, kaskazini, na ziko nyumba na maduka ya zamani ya mbao. Ingia chini ya nyumba iliyoinuliwa juu ya nguzo, uinue kichwa, uangalie mbao zilivyoshikana. Fundi wa kale wa Thailand alitengeneza kuta vipande vipande, akaviunganisha kwa vigingi vya mbao, hata nyumba ikaweza kufunguliwa na kusimamishwa kwingine. Nguzo ni kwa ajili ya mafuriko, na uvungu ule ulikuwa mahali pa kufumia, kuweka zana na kupumzika wakati wa jua. Hapo usipapite mbio. Mtu aliyekulia kwenye nyumba ya udongo na makuti atakuta mengi ya kutafakari kuhusu jinsi watu wanavyojenga kwa kusikiliza maji na joto la kwao.

Kati ya yaliyojengwa upya, usikose jumba la Sanphet Prasat. La asili lilikuwa ukumbi wa wafalme huko Ayutthaya, likateketea jeshi la Burma lilipouangamiza mji ule mwaka 1767. Ukienda Ayutthaya leo utakuta misingi tu ya jumba hilo. Kwa hiyo hapa Samut Prakan ndipo unapoweza kuingia ndani na kuona dhahabu na nakshi, na kupata picha ya kile kilichopotea. Panda pia kilima chenye mfano wa Phra Wihan, hekalu la Wakhmer ambalo Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua mwaka 1962 kuwa ni la Kambodia. Lile halisi limegombaniwa hadi kwa bunduki. Hapa unapanda ngazi kwa amani na kuliona eneo lote kutoka juu.

Usijaribu kumaliza majengo yote. Chagua machache, ukae nayo.

Kwa miguu utachoka bure. Kodi baiskeli, au kigari cha umeme kama umekwenda na wazee au watoto. Nenda asubuhi, na kama ratiba ya biashara inakuruhusu, chagua Novemba hadi Februari; Aprili joto lake linatisha hata kwa mtu wa Tanga. Vaa viatu vya kuvua haraka, kwani utavivua kila unapoingia mahali penye sanamu ya Buddha. Funika mabega na magoti. Dada zangu, kanga moja ndani ya mkoba inatosha. Ukikaa chini, usiielekeze miguu kwenye sanamu, na usikanyage kizingiti cha mlango, kivuke. Wenyeji wanasali humo, tuwaheshimu kama tunavyotaka waheshimu misikiti na makanisa yetu.

Chakula kipo kwenye soko la majini lililojengwa humo humo. Muislamu aulize kwanza, maana nguruwe ni wa kawaida kwenye mapishi yao. Beba kitu chako ikiwa una shaka. Maji usiyasahau.

Usafiri hauna shida. Panda treni ya juu ya BTS, njia ya Sukhumvit, mpaka kituo cha mwisho cha Kheha, kisha teksi au songthaew, pikapu ya abiria yenye mabenchi mawili nyuma. Wakati wa kurudi, muda ukikuruhusu, shuka kituo cha Chang Erawan kwenye njia hiyo hiyo. Hapo kuna makumbusho mengine yaliyotokana na wazo la Lek huyo huyo: tembo wa shaba mwenye vichwa vitatu aliyesimama juu ya jengo, na ndani yake unapanda hadi tumboni.