Ukitaka Kuandika Wimbo wa Joto, Liache Jua

Juzi nilipokea ujumbe wa msomaji mmoja. Anapiga gita, ana bendi ya watu watatu, na ameandika wimbo wa roki mbadala kuhusu kiangazi: joto, upweke, siku zisizotaka kuisha. Kila aliyemsikilizisha anamjibu vilevile. Wimbo si mbaya, ila joto lenyewe halisikiki. Anasikika mtu akililalamikia. "Kaka, nimekosea wapi?"

Nilicheka. Halafu kicheko kikanikauka mdomoni, maana maneno kama hayo niliwahi kuambiwa mimi, miaka saba iliyopita, mbele ya umati, na aliyeniambia hakuniita kaka.

Najua na wewe unayesoma una wimbo umeuficha kwenye simu. Usibishe. Mtu hasomi habari za nyimbo za simanzi ya kiangazi kwa bahati mbaya. Sogea basi.

Yalikuwa mashindano ya bendi. Wimbo wetu uliitwa "Jua", na humo ndani jua lilikuwa kila mahali: jua linachoma, jua linatesa, jua halina huruma. Kiitikio kilikuwa neno hilohilo mara nane. (Nilikuja kuhesabu baadaye, nikiwa peke yangu.) Tuliupiga mbio na kwa nguvu zote, kwa sababu niliamini joto ni ukali, na ukali ni makelele. Mwezi mzima tulifanyia mazoezi kwenye chumba kisicho na dirisha. Kila tulipotaka kurekodi tulizima feni, maana maikrofoni ilikuwa inanasa mvumo wake. Nakumbuka jasho likinitambaa mkononi, linakusanyika kwenye kiwiko, linadondokea gita. Nyuzi mpya ziliota kutu ndani ya wiki mbili. Nikajidanganya kwamba jasho lile litasikika.

Tulipomaliza, jaji mmoja aliivuta maikrofoni karibu, akafikiri kidogo, akasema, "Huu si wimbo. Hii ni taarifa ya hali ya hewa."

Ukumbi ukaangua kicheko. Mpiga dramu wetu naye akacheka. Jaji nilishamsamehe. Mpiga dramu bado, ingawa tunapiga pamoja mpaka leo.

Miezi iliyofuata nairuka, haina lolote. Nilinuna, nikauza pedali mbili za kubadilishia sauti ya gita, nikazinunua tena kwa bei kubwa kuliko niliyouzia.

Kilichonizindua ni kukosa usingizi. Ilikuwa saa tisa usiku, fukuto limetanda chumbani, shuka nimelitupa kule, nimelala chali sakafuni kwa sababu sakafu ndiyo pekee iliyobaki na ubaridi. Na ubaridi wenyewe ulikuwa wa kukopeshwa: nikitulia mahali dakika mbili panapata joto la mwili wangu, inabidi nijiburuze kutafuta pengine. Feni ilikuwa chini, karibu na kichwa. Ilikuwa feni mbovu. Ikigeuza shingo kwenda kushoto ilikwenda kimya. Ikirudi kulia ilitoa mlio, tk, ikasita, halafu ikaendelea. Niliisikiliza nusu saa nzima. Sikuwa na hasira. Sikuwa na chochote. Nikasogeza mdomo kwenye panga zake nikafanya mchezo ambao kila mtoto aliyewahi kukaa mbele ya feni anaujua: nikatoa "aaaa" ndefu, na sauti ikanirudia imekatwakatwa, inatetemeka, kama ya mtu mwingine.

Nikakaa kitako. Sauti ile nilikuwa naifahamu. Lilikuwa gita la mwanzo wa "Black Hole Sun" ya Soundgarden, bendi ya roki ya Marekani.

Asubuhi nilikwenda kusoma. Kumbe gita lile lilipitishwa kwenye spika ya Leslie, kabati la mbao ambalo asili yake ni kufungwa kwenye kinanda cha Hammond. Ndani mna honi inayozungushwa na mota, kwa hiyo sauti inakujia na kukukimbia, inakujia na kukukimbia, ikipanda na kushuka kiduchu kila mzunguko, kama king'ora cha gari linalokupita barabarani. Yaani ni feni! Ni feni ya sauti. Ndiyo maana wimbo ule unasikika kama kitu kinachoyeyuka hata kabla mwimbaji wao, Chris Cornell, hajafungua mdomo. Na akifungua, halalamiki kwamba jua ni kali. Fukuto na uvundo wa kiangazi anavitaja kwa kupita tu, kisha analiita jua lake jeusi lije lioshe mvua. Jua lioshe mvua! Mambo yamepinduka, kama yanavyopinduka kichwani mwa mtu ambaye ni usiku wa tatu hajalala. Jina lenyewe Cornell alilipata kwa kusikia vibaya maneno ya mtangazaji wa habari kwenye televisheni. Wimbo ulitoka 1994 kwenye albamu ya Superunknown, na 1995 ukapata Grammy. Taarifa za hali ya hewa hazipati Grammy. Hapo jaji wangu alikuwa sahihi, Mungu amlipe anachostahili.

Tangu siku ile nikaacha kuandika jua. Nikaandika sakafu.

Wimbo mpya niliuita "Shingo ya Feni". Nilipima muda kati ya mlio mmoja wa feni na mwingine, nikaufanya ndio mwendo wa wimbo, na mwendo huo ni wa polepole kiasi cha kuudhi. Kila mwisho wa mstari mpiga dramu alitakiwa asite, kama feni inavyosita, halafu ndipo apige. Alikataa, akasema atasikika kama mtu asiyejua kuhesabu. Nikamkumbusha alivyocheka. Akakubali. Neno jua halimo. Joto halimo. Jasho limo mara moja, na hata hilo nililipigania.

Mwezi uliopita tuliupiga kwenye onyesho, wa pili kutoka mwisho. Nyimbo nyingine zilipigiwa makofi papo hapo. Huu uliisha, watu wakakaa kimya kwanza. Nilitazama mstari wa mbele nikaona msichana amevua viatu, ameviweka pembeni, amesimama peku juu ya sakafu. Sijui kama alikuwa amechoka na viatu tu. Sikumuuliza, na sitaki mtu aniambie. Hiyo ndiyo tuzo yangu, nitazikwa nayo.

Haya, ushauri. Wa kwanza: usiandike jua, andika linachokufanya. Wa pili ni uleule, ila kwa gita: sauti yako iwe kile joto linachoifanya sauti, isiwe maelezo yake. Joto halikimbii. Joto linaburuta, linasita, linakufanya usahau ulikuwa unakwenda jikoni kufuata nini. Wasikilize Kyuss, vijana waliotoka Palm Desert, California, waliokuwa wakipiga muziki jangwani kwa umeme wa jenereta. Mpiga gita wao, Josh Homme, alizilegeza nyuzi za gita mpaka chini kabisa, kisha akalichomeka gita kwenye amplifaya ya besi. Sikiliza albamu yao ya 1992, Blues for the Red Sun, na hata kama huelewi neno moja la Kiingereza utaona mawimbi ya joto yakicheza juu ya lami.

(Nikiwa hapohapo: usiache gita kwenye gari lililoegeshwa juani. Uzi wa chuma ukipata joto unarefuka, unalegea, na sauti inashuka. Huo ni usumbufu tu, unakaza tena. Gundi ikilainika na daraja, kile kipande kinachoshika nyuzi, likaanza kung'oka, huo ni msiba.)

Wa tatu ndio mgumu, na ndio ninaoona wengi mnaukimbia. Simanzi ya kiangazi si simanzi ya mvua. Mvua ikinyesha, mwenye huzuni ana mwenzake: mbingu nayo inalia, hakuna anayemshangaa akijifungia ndani. Kiangazi hakikupi heshima hiyo. Nje kunang'aa, watu wanacheka, na wewe umekaa umefunga pazia, unaona haya. Ile haya ndiyo wimbo. Ukiupiga kwa sauti ya kilio umeshaiua, kwa sababu mwenye haya halii mbele za watu. Anatabasamu.

Sikiliza "Today" ya Smashing Pumpkins, ya 1993. Gita la mwanzo linachezacheza juu kwa juu kama kengele ya gari la aiskrimu, na video yake ina gari la aiskrimu kweli. Maneno yanaisifu siku ya leo. Billy Corgan, mwimbaji wao, amesimulia kwamba aliuandika katika kipindi alichokuwa akifikiria kujiua. Nimewahi kuona ukumbi mzima ukiuimba kwa furaha, mikono juu, nikajiuliza ni wangapi mle ndani wanajua wanachoimba, na wangapi wanajua vizuri mno. Melodi ndiyo jua. Huzuni ni kivuli chake, na kivuli cha saa sita mchana ni kidogo, kiko chini ya miguu yako, hukioni mpaka uinamishe kichwa.

Au nenda upande mwingine kabisa. R.E.M., "Nightswimming", albamu ya Automatic for the People, 1992: hakuna dramu, hakuna gita. Ni piano ya Mike Mills inayojizungusha palepale, sauti ya Michael Stipe, na vinanda vya nyuzi vilivyopangwa na John Paul Jones, yule wa bendi ya Led Zeppelin. Mchana haumo. Kuna maji, usiku, na Septemba inayokaribia. Wenzetu wa kaskazini Septemba kwao ni kiangazi kinafungasha virago, na ndiyo maana mwezi huo unarudi rudi kwenye nyimbo zao za namna hii. Green Day nao wanao wa kwao, "Wake Me Up When September Ends", lakini ule una kaburi ndani yake: mwimbaji wao, Billie Joe Armstrong, alifiwa na baba yake Septemba 1982, akiwa na miaka 10, na wimbo ulikuja kutoka kwenye albamu ya 2004. Miaka 22. Na wewe unaniambia umekwama kwa wiki mbili.

Samahani, naanza kuhubiri. Lakini acha nihubiri, nimelipia. Mnataka picha ya jalada kabla ya ubeti wa pili. Mnataka pedali nyingine. Mnaniuliza ni programu gani ya kurekodia, wakati hamjawahi kulala sakafuni mkasikiliza chumba chenu wenyewe. Kaeni na joto. Zimeni simu, mkae nalo.

Ila pia, na hili silisemi kwa utani: kuna wanaoumwa kiangazi kweli. Daktari wa akili Norman Rosenthal na wenzake walipoeleza sonona ya majira mwaka 1984, wengi walikumbuka ya majira ya baridi, ile ya kulala sana na kula sana. Ipo na ya majira ya joto, na hiyo huja kinyume: usingizi unakimbia, chakula hakipiti, mwili unahangaika. Kama ni mwaka wa pili au wa tatu inakukuta msimu uleule, usiifanye malighafi ya albamu. Mwone daktari. Wimbo utakusubiri. Mimi sikwenda, nikauita ule usiku wangu kipaji, na kwa hilo usiniige.

Mdogo wangu uliyeniandikia, nitumie ubeti wa pili. Kila penye neno jua, futa, uniandikie hapo ulikuwa umekaa wapi na umeegemea nini. Kama ulikuwa umeegemea ukuta, niambie ukuta ulikuwa na joto saa ngapi. Usinitumie kiitikio, bado.

Mimi mwenyewe nimerudi nyuma kidogo. Wiki iliyopita mke wangu aliihurumia ile feni. Akaifungua kifuniko cha nyuma, akafuta vumbi, akaitia mafuta kwenye shingo. Sasa inageuka kushoto kimya na kulia kimya. Nilimshukuru, alikuwa amefanya kazi nzuri. Saa tisa usiku nikaamka, nikaenda kutafuta bisibisi.