Ukirithi sanamu inayocheza na upepo, usiisugue

Mama mkwe alipofariki, mume wangu alirithi sanamu ndogo ya mezani iliyotengenezwa na George Rickey, msanii wa Marekani wa sanamu zinazosogezwa na upepo: panga mbili nyembamba za stenlesi, ndefu kama mkono wangu, juu ya mhimili mmoja. Haina mota. Ukifungua dirisha zinaanza kuinama taratibu, zinapishana bila kugusana, kisha zinarudi. Kinachozirudisha ni uzito wa madini ya risasi uliowekwa upande wa chini, kama jiwe la mizani.

Wiki ya kwanza niliona imeshika vumbi, nikachukua stilwaya ya sufuria. Ile mikwaruzo ya duaraduara niliyodhani ni uchafu, kumbe msanii aliisaga kwa makusudi ili chuma kinase mwanga. Isitoshe, stilwaya huacha chembe za chuma cha kawaida, nazo hushika kutu. Baada ya miezi michache madoa ya kahawia yakajitokeza. Nililia. Tafadhali, tumia kitambaa laini kikavu tu. Kwenye egemeo, pale panga zinapoyumbia, usitie mafuta, maana yatanasa vumbi na mwendo utakuwa mzito. Madoa yakishatokea, mpelekee mtaalamu wa kuhifadhi kazi za sanaa za chuma, si fundi wa kung'arisha.

Kabla ya kuihamisha, irekodi video ikicheza, halafu zifunge panga zisiyumbe. Kilichopinda kidogo tu huharibu mizania yote.

Rickey alizaliwa Indiana mwaka 1907 akakulia Scotland, kwa sababu baba yake alikuwa mhandisi wa Singer, haohao wa cherehani za mama zetu. Babu yake alikuwa fundi wa saa. Nilipolijua hilo niliacha kuiona kama pambo. Ni kazi ya vipimo. Kama uko Albany, jimbo la New York, nenda Empire State Plaza, uwanja wa majengo ya serikali ya jimbo, uone kazi yake kubwa ikiwa nje, kwenye upepo wenyewe.

Makaratasi nayo yatafuteni mapema, kabla nyumba ya marehemu haijasafishwa. Stakabadhi yetu tuliikuta ndani ya bahasha ya picha za harusi. Tafuta pia jina, mwaka na namba vilivyochongwa kwenye chuma. Thamani ikadiriwe na mtu asiyetaka kuinunua, na kwa hapa Marekani aandike thamani ya siku mwenyewe alipofariki, kwani ukiiuza, kodi ya faida huhesabiwa kuanzia hapo. Mashemeji wote wapate nakala. Sisi tulichelewa kuwapa, na miezi miwili hatukusemezana.

Sasa iko sebuleni, mbali na pazia. Jioni tunafungua dirisha upana wa vidole viwili, inatosha.